Kabla Hamjanunua Saundikadi, Iulizeni Kompyuta Yenu

Leo tunaweka jembe pembeni kidogo. Tangu mavuno yaliyopita, swali ninaloulizwa mara nyingi na vikundi vya vijana, na hata na akina mama wa mnadani, halihusu mbolea wala mbegu. Linahusu sauti. "Bwana shamba, tunataka ile mashine ndogo ya kuchomeka maiki kwenye kompyuta. Tununue ipi?"

Nimekuwa nikilijibu kwa mtu mmoja mmoja, njiani na kwenye simu. Sasa naliandika hapa ili hata aliye mbali alipate, kwa sababu nimeona hela ya vikundi ikipotea kwenye jambo hili, na inapotea kwa njia ile ile: mtu anachagua kifaa kwanza, halafu ndipo anaanza kuuliza kama kinakubaliana na kompyuta na programu aliyonayo. Ni sawa na kununua mpira wa inchi 3, ukifika bondeni ndipo unaangalia mdomo wa pampu na kukuta ni inchi 2.

Bwana shamba na maiki wapi na wapi?

Kata ninayohudumia ina vijiji vilivyotawanyika, na pikipiki yangu ni moja. Siwezi kufika kila shamba kila wiki. Somo lililorekodiwa linafika nisikofika. Linapita kutoka simu hadi simu, mama analisikiliza huku anapukuchua mahindi, mzee asiyeona vizuri maandishi analielewa bila kuomba msaada kwa mjukuu. Kwa hiyo vikundi vinaporekodi masomo, mimi nafurahi, maana vinanipunguzia kilomita.

Lakini sauti mbaya ina hasara yake. Msimu mmoja wa viwavijeshi vamizi, vijana wa kikundi kimoja walirekodi kwa simu maelezo ya kupulizia dawa, wakiwa nje na upepo unavuma. Siku chache baadaye mama mmoja mtu mzima akanipigia: "Mwanangu, kwenye bomba la lita 20 tunaweka mililita sita au sitini?" Mkia wa neno ulikuwa umemezwa na upepo. Yeye alifanya vizuri kuuliza. Nilichobaki kujiuliza ni wangapi waliosikia kama yeye na hawakupiga simu. Dawa ikipungua, kiwavi hafi na hela imekwenda. Ikizidi, inaunguza zao na inamdhuru anayepulizia. Tangu siku ile sioni sauti safi kama anasa ya watu wa mjini.

Na upande wa biashara mnaujua wenyewe. Siku ya mnada, kila mwenye nguo, sufuria au dawa za mifugo ana spika yake na tangazo linalojirudia. Tangazo linaloeleweka linasimamisha watu. Linalokwaruza linafukuza. Vijana wanaojua kurekodi wanalipwa na wafanyabiashara hao, na ni kazi halali kama kushona au kunyoa.

Saundikadi ni kitu gani hasa

Kompyuta haielewi sauti, inaelewa namba. Maiki yenyewe inatoa umeme mdogo sana unaopanda na kushuka kufuata sauti. Saundikadi ya nje, ambayo mafundi wengine huiita interfesi, ni kisanduku kinachokaa katikati. Kinaukuza ule umeme mdogo, kinaupima mara nyingi sana kwa sekunde, kinageuza vipimo kuwa namba, na kuzipeleka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Kwa kawaida vipimo hivyo ni 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Unaposikiliza, kinafanya kinyume: kinapokea namba na kuzirudisha kuwa sauti kwenye hedifoni.

Kompyuta ina saundikadi yake ndani, ndiyo maana inatoa sauti ya muziki. Tatizo ni kwamba kitundu chake cha maiki ni kile kidogo cha hedifoni, kimekaa katikati ya vyuma vingine vinavyofanya kazi, na mara nyingi kinavuta mvumo. Maiki kubwa ya kushika mkononi, yenye plagi ya pini 3, haikutengenezwa kwa ajili yake. Ukilazimisha kwa adapta, utapata sauti ndogo yenye vumbi.

Anzeni na mlichonacho

Kikundi kinapokuja kwangu na jina la kifaa walichokiona kwenye simu, huwa nawaomba waliweke kando, kisha tunaandika mambo manne kwenye daftari. Kompyuta ni ipi na inatumia mfumo gani. Ina matundu gani pembeni. Mnarekodi kwa programu gani. Na watu wangapi wanaongea kwa wakati mmoja. Majibu ya maswali hayo manne yanaondoa zaidi ya nusu ya vifaa vilivyopo dukani kabla hamjagusa pochi.

Swali la kwanza: mfumo wa kompyuta

Kila saundikadi inahitaji draiva, yaani programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuongea na kifaa hicho. Mfikirie mkalimani. Vifaa vingine vinakuja na mkalimani wao, lazima umpakue na kumweka. Vingine vimetengenezwa kwa kufuata lugha ya pamoja ya USB, na kompyuta inavielewa bila kuwekewa kitu. Kwa mazingira yetu, ambako bando ni la kupima na kompyuta nyingi ni za mkono wa pili, hivi vya lugha ya pamoja ndivyo ninavyovipendelea.

Lakini hata lugha hiyo ya pamoja ina matoleo mawili yanayotumika sana. Toleo la kwanza linaeleweka hata na kompyuta za zamani. Toleo la pili, linalotumiwa na vifaa vingi vipya, Windows ilianza kulielewa yenyewe mwaka 2017, kwenye Windows 10. Kama kompyuta yenu bado ina Windows 7, kifaa cha toleo la pili hakitafanya kazi bila draiva ya mtengenezaji, na watengenezaji wengi hawatoi tena draiva za Windows 7. Hapo kifaa ni kizima, kompyuta ni nzima, ila haviongei.

Kompyuta za Apple na zile za Linux zina nafuu kwenye hili, kwani matoleo yote mawili yanaeleweka bila draiva kwa vifaa vinavyofuata lugha ya pamoja.

Na kifaa cha mkono wa pili kichunguzeni mara mbili. Kabla ya kulipa, ingieni kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuteni jina kamili la kifaa pamoja na kizazi chake, muone kama kuna draiva ya mfumo wenu. Kama ya mwisho ni ya Windows ya miaka mingi nyuma, na kifaa hakifuati lugha ya pamoja, achaneni nacho hata kama bei inavutia.

Swali la pili: matundu

Kijana mmoja wa kijiji cha jirani alipata saundikadi ya mkono wa pili yenye matundu manane ya maiki, kwa bei ya kifaa kidogo kipya. Aliishangilia. Kufika nyumbani, waya wake haukuingia popote. Kifaa kilikuwa cha FireWire, tundu lililokuwa la kawaida kwenye kompyuta za studio miaka ya 2000 na ambalo kompyuta za siku hizi hazina. Kwenye Windows hakuna adapta ya kawaida ya kulihamishia kwenye USB. Muuzaji aligoma kurudisha hela, na mpaka leo kifaa kinashikilia vitabu mezani. Yule kijana alikuwa ameuza mbuzi wawili.

Kwa hiyo angalieni picha ya nyuma ya kifaa, si ya mbele tu. Mnataka USB. Kama kifaa kina USB ya duara bapa ile ndogo, yaani Type-C, na kompyuta yenu ina matundu ya zamani ya mstatili, hilo halina shida, waya wa kuunganisha upo na ni rahisi kupata.

Kitu kingine kwenye tundu ni umeme. Tundu la USB la kawaida la kizazi cha pili hutoa hadi miliampia 500 kwa volti 5. Saundikadi ndogo za maiki moja au mbili zinatosheka na umeme huo, na hilo ni jema kwa wanaorekodi umeme ukiwa umekatika. Zile kubwa za matundu manne au manane mara nyingi zinadai adapta yake ya ukutani. Na msipitishe kifaa kwenye kigawanyio cha USB cha bei nafuu ambacho umeme mmoja unagawanywa kwa vifaa vinne. Chomekeni moja kwa moja kwenye kompyuta.

Swali la tatu: programu

Hapa ndipo penye mitego mingi, kwa hiyo nitapita kwenye programu ambazo nimezikuta kwa vikundi vyetu.

Audacity ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Ni ya bure, iko kwa Windows, Apple na Linux, na inatosha kabisa kwa masomo na matangazo. Inakubali karibu saundikadi yoyote ambayo kompyuta yenyewe imeikubali. Ina mambo mawili ya kujua. La kwanza, inarekodi kutoka kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Msije mkanunua maiki mbili za USB, kila moja na waya wake, mkitegemea zitaingia pamoja. Nunueni saundikadi moja yenye matundu mawili. La pili linahusu ASIO, nitaeleza hapo chini.

Reaper ni nyepesi, inafanya kazi hata kwenye kompyuta yenye nguvu ndogo, na inarekodi matundu mengi kila moja kwenye mstari wake. Ina siku 60 za kujaribu bure, kisha leseni ya dola 60 kwa mtu binafsi au biashara ndogo. Kikundi kinachorekodi kwaya kinaweza kuifikiria.

FL Studio inapendwa sana na vijana wanaotengeneza midundo. Jueni kwamba toleo lake la bei ya chini kabisa, linaloitwa Fruity, kwa miaka mingi lilikuwa halirekodi sauti ya maiki, kwa hiyo hakikisheni kwanza. Lilikuwa la kupanga midundo. Mnaweza kuwa na saundikadi nzuri, maiki nzuri, na bado mkose pa kurekodia, kisha mkakilaumu kifaa. Toleo la Producer kwenda juu linarekodi.

GarageBand ni ya bure lakini iko kwenye vifaa vya Apple tu. Ukiona kisanduku kimeandikwa kwamba kinafanya kazi na GarageBand, hilo halikusaidii mwenye Windows.

Pro Tools nayo inafundisha kitu. Kwa miaka mingi, Pro Tools za kawaida zilikataa kufunguka bila saundikadi ya kampuni yenyewe au washirika wake. Kuanzia toleo la 9, mwaka 2010, ndipo zilipokubali vifaa vya wengine. Kwa hiyo mtu akikwambia "Pro Tools inataka mashine yake maalumu," anazungumza habari za zamani. Kwa masomo ya kilimo, hata hivyo, hamuihitaji.

Na neno moja kuhusu programu za kuibia zinazopita kwenye flashi. Kompyuta ya kikundi ndiyo yenye daftari la hisa na namba za wanachama. Mkiingiza virusi kwa ajili ya programu ya bure ya wizi wakati Audacity ya halali ipo bure, hapo mmejitafutia.

ASIO kwa lugha nyepesi

Mkisoma maboksi mtaona neno ASIO. Ni njia ya mkato iliyobuniwa na Steinberg, kampuni ya Ujerumani, ili sauti ipite haraka kati ya saundikadi na programu kwenye Windows bila kuzunguka ofisi zote za mfumo. Reaper, FL Studio na Pro Tools kwenye Windows hutumia njia hiyo. Saundikadi nyingi nzuri huja na ASIO yake. Zile za bei ya chini sana hutegemea programu ya bure iitwayo ASIO4ALL, ambayo inaazima njia hiyo juu ya draiva ya kawaida. Inafanya kazi, ila wakati mwingine inasumbua programu mbili zikitaka sauti kwa pamoja.

Audacity ya kawaida kwa miaka mingi imekuwa ikija bila ASIO kwa sababu za leseni. Yenyewe inatumia njia za Windows, yaani MME, DirectSound au WASAPI. Je, ni tatizo? Kwa mtu anayesoma tangazo, hapana. Sauti itarekodiwa ile ile. Tofauti inaonekana mnaporekodi mtu anayeimba huku anajisikia kwenye hedifoni kupitia kompyuta, kwa sababu sauti inachelewa kurudi.

Ucheleweshaji huo unapimika. Programu hukusanya vipimo kwenye fungu kabla ya kuvishughulikia. Fungu la vipimo 256, kwa kasi ya 44,100, ni karibu milisekunde 6. Fungu la 1,024 ni karibu milisekunde 23. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 23 ni sawa na kujisikia kutoka kwa spika iliyo mita 8 mbele yako. Msomaji wa tangazo atavumilia. Mwimbaji atapotea. Dawa yake ni kununua saundikadi yenye kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja kutoka kwenye kifaa, sauti isizunguke kwenye kompyuta. Vifaa vingi vidogo vinacho. Kitafuteni kwenye picha ya mbele.

Swali la nne: watu wangapi

Masomo yetu bora ni ya mahojiano: mtangazaji mmoja, mkulima mmoja. Hapo mnahitaji matundu mawili ya maiki. Someni kwa makini, maana boksi linaweza kuandika "2 kuingia" wakati tundu la maiki ni moja na la pili ni la gitaa. Behringer UM2 ni hivyo: maiki moja, gitaa moja. Focusrite Scarlett Solo nayo ni ya maiki moja. Ni vifaa halali kwa mtu anayeongea peke yake. Kwa mahojiano angalieni vya aina ya Behringer UMC202HD au Focusrite Scarlett 2i2, ambavyo vina matundu mawili ya maiki ya pini 3. Sitangazi biashara ya mtu. Natoa mifano mpate kulinganisha na vingine.

Wengine huniuliza kuhusu miksa yenye USB, kwa sababu kanisa au ukumbi tayari unayo. Itumieni ikiwepo, lakini jueni kwamba miksa nyingi ndogo zinapeleka kwenye kompyuta mchanganyiko wa pande mbili tu, hata kama zina maiki sita. Kwaya ikishachanganywa, huwezi baadaye kumpunguza mtu mmoja aliyepiga kelele. Ni uji, sukari haitoki tena.

Kuhusu maiki, zipo za aina mbili kubwa. Za kondensa zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundikadi, kwa hiyo hakikisheni kitufe cha 48V kipo. Zinasikia kila kitu, pamoja na jogoo wa jirani na mvua kwenye bati. Za dainamiki, kama Shure SM58 inayojulikana tangu 1966, hazihitaji umeme huo na zinasikia zaidi kile kilicho karibu na mdomo. Kwa chumba cha kijijini napendekeza dainamiki. Mwe macho tu na feki, zipo nyingi.

Kama mnacho simu tu

Simu za Android zimekuwa zikielewa saundikadi za USB tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, kwa kutumia kile kiwaya cha OTG. Lakini si kila simu inakubali, na si kila programu ya kurekodi kwenye simu inachukua sauti kutoka huko. Kifaa pia kinakunywa betri ya simu. Jaribuni na simu yenyewe mtakayotumia, si ya rafiki. Mkiwa hamna uhakika, simu peke yake ndani ya chumba chenye nguo na magodoro, ikiwa karibu na mdomo kama shubiri moja, inatoa sauti nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Anzeni hapo.

Jaribu kabla ya kulipa

Kikundi kimoja cha wanawake na vijana nilichokisaidia msimu huu kilitoa hela kwenye mfuko wa hisa. Haikuwa rahisi. Kikaoni mama mwenyekiti alisema, "Bwana shamba, hela hii ni magunia yetu ya mahindi. Ikilala kwenye kisanduku kibovu, nani atakula kisanduku?" Wengine walitaka kifaa cha maiki moja ili kinachobaki kinunue mbegu. Vijana walitaka cha maiki mbili. Niliwaomba kwanza warekodi kwa simu kwa mwezi mmoja na kuandika kila tangazo lililolipiwa. Mwisho wa mwezi daftari ndilo lililoongea: wateja walikuwepo, na waliorudi kudai marekebisho walilalamikia mvumo. Hapo hata waliokuwa wakipinga wakanyoosha mkono.

Wawili walipanda basi kwenda Kariakoo na kompyuta ya kikundi begani. Duka la kwanza lilikataa kifaa kijaribiwe, wakatoka bila ugomvi. La pili likakubali. Haya ndiyo waliyoyafanya, na nanyi fanyeni hivyo hivyo:

1. Chomekeni kifaa kwenye kompyuta yenu, si ya muuzaji. Angalieni kama jina lake linatokea kwenye mipangilio ya sauti.
2. Fungueni programu yenu baada ya kuchomeka. Audacity iliyofunguliwa kabla haitakiona kifaa mpaka mwamuru itafute upya vifaa vya sauti.
3. Chagueni kifaa kwenye kuingiza na kutoa. Rekodini dakika 5 nzima, si sekunde 10.
4. Jaribuni kila tundu la maiki, mkizungusha vifundo polepole. Kifundo kinachokwaruza kinaonyesha ubovu au uchakavu.
5. Sikilizeni kwa hedifoni kama kuna mipasuko au kukatika.
6. Zimeni kompyuta, iwasheni tena, mrudie.
7. Chukueni risiti yenye jina la kifaa, na makubaliano ya siku za kurudisha yaandikwe.

Walitumia karibu saa nzima. Kwa nauli ya basi kwenda na kurudi mara mbili, saa moja ni rahisi.

Mkifika nyumbani

Kompyuta isiposikia maiki, msikimbilie kulia. Kwenye Windows 10 na 11, fungueni mipangilio ya faragha na kuona kama programu zimeruhusiwa kutumia maikrofoni. Hilo peke yake limeponya vifaa viwili ambavyo wenyewe walishavihukumu kuwa vibovu.

Wekeni kasi ile ile kila mahali: kama ni 44,100, iwe hivyo kwenye Windows na kwenye programu. Kasi zikitofautiana, mnaweza kupata makosa au mipasuko.

Sauti ikiingia upande mmoja wa hedifoni, kifaa ni kizima. Tundu la kwanza ni kushoto, la pili ni kulia. Mtu mmoja akiongea, chagueni mono. Wawili wakiongea, rekodini stirio kisha mtenganishe kuwa mono mbili, kila mtu arekebishwe peke yake.

Mkisikia mvumo, chomoeni chaja na mrekodi kwa betri. Ukipotea, shida iko kwenye chaja au waya wa eathi wa nyumba, si kwenye saundikadi. Inveta za bei nafuu za sola nazo huvuma hivyo.

Na msidanganywe na namba kubwa kwenye boksi. Sauti ya mono ya kasi 44,100 na biti 16 inachukua karibu megabaiti 5.3 kwa dakika. Stirio ya 48,000 na biti 24 inachukua zaidi ya 17. Somo la nusu saa ni megabaiti 159 kwa njia ya kwanza na zaidi ya 500 kwa ya pili, na spika ya mnadani haioni tofauti. Hifadhini ile ya asili, kisha tumeni MP3. Mono ya kilobiti 64 kwa sekunde ni chini ya nusu megabaiti kwa dakika, na bando la msikilizaji litawashukuru.

Neno langu la mwisho kwenu

Msikope kwa ajili ya kifaa hiki. Kama hamna hela yake mkononi na hamna wateja kwenye daftari, rekodini kwa simu mpaka wapatikane. Mkiwa navyo vyote viwili, pelekeni kompyuta dukani kama mnavyopeleka kipuri cha zamani mnapotafuta kipya cha pawatila. Kipuri kinapimwa kwenye mashine yake.

Kile kikundi sasa kinarekodi wazee wanaojua mbegu zetu za asili, mmoja baada ya mwingine, kila Jumapili baada ya ibada. Nimesikia tatu za kwanza. Kila neno linasikika, na kila kipimo kimetamkwa mara mbili, jambo ambalo nawaomba vikundi vyote mlifanye bila kujali kifaa mlichonacho.

Wiki ijayo tunarudi shambani: kukausha mahindi kuzuia sumukuvu.